Shemeji Hajaambiwa

Shemeji aliamka asubuhi ya ukungu, na jambo la kwanza aliloliuliza ni kama chai imechemka.

Wakati huo Skolastika Ngailo alikuwa amelala chali chini ya tumbo lake, spana mkononi, grisi hadi kwenye nyusi. Aliposikia sauti ikitoka ndani ya chuma kilekile alichokuwa akikikaza, alishtuka akajigonga paji la uso kwenye ekseli, akaona nyota mchana kweupe. Alitambaa akatoka, akasimama mbele ya lile gari la deraya lenye magurudumu sita, gari la kubebea majeruhi wa vita, ambalo yeye na wenzake walikuwa wamelihangaikia miaka na miaka.

"Chai?" aliuliza, kifua kikiwa kimegusa bati, maana hakupata neno jingine.

"Chai, ndiyo. Koplo Imakulata hanywi ya baridi. Akirudi akaikuta imepoa, lawama zote zitanishukia mimi, na mimi hata mikono sina."

Skolastika alikaa palepale kwenye nyasi zenye umande, akalia. Hakulia kwa huzuni. Alilia kama mtu aliyebisha hodi mlango mmoja nusu ya maisha yake, leo akasikia karibu. Ukungu wa Njombe ulikuwa umeufunika uwanja wote wa stesheni ya zamani, hata malori mabovu yaliyopangwa kando ya ua yalionekana kama ng'ombe waliolala. Hapakuwa na mtu mwingine. Alifurahi kwamba hapakuwa na mtu mwingine.

Ungemwuliza mkazi wa Njombe wa miaka ile Chama cha Wafufua Magari ni kitu gani, angecheka kwanza, halafu ndiyo akujibu. Ni watu wazima na akili zao, angesema, wanaokusanya vyuma vya vita ambavyo hata vita vyenyewe vilivitupa. Magari ya siku zile yalikuwa kama maji ya bomba: unaita, linakuja, unashuka, linakwenda, na hakuna aliyekumbuka sura ya gari lililompeleka arusini kwake. Wanachama wa chama hiki waliwahurumia watu wa namna hiyo. Wao walipiga msasa, walichomelea, walibishana wiki nzima juu ya rangi ya kijani ipi ndiyo kijani yenyewe. Mume wa Skolastika alivumilia, alivumilia, mwisho akasema hakuoa ili aje kuwekwa foleni nyuma ya malori, akafungasha. Skolastika alisikitika. Kisha akaenda kufunga redieta, kwa sababu redieta ilikuwa imefika siku hiyo.

Lakini sasa Baraza la wilaya lilikuwa limetoa neno. Uwanja ungebaki mikononi mwa chama endapo tu kingeonyesha gari moja hai. Na hai maana yake iliwekwa wazi: gari litembee lenyewe, kwa akili yake ya asili, lizunguke uwanja wote mbele ya mkaguzi bila mkono wa mtu. Likishindwa, vyuma vyote vinakwenda kwenye tanuru, na uwanja unapewa wenye shughuli za maana zaidi. Ndiyo maana matumaini yote ya chama yalikuwa kwa Shemeji. Kati ya magari yote pale uwanjani, ni yeye peke yake aliyekuwa na dereva ndani.

*

Huyo dereva si mtu. Tena si programu kama hizi zinazoandikwa asubuhi na kufutwa jioni. Madereva wa magari ya vita vya Bonde, vilivyopiganwa kule chini kwenye mashamba ya ngano, walilelewa. Kitu laini chenye ukubwa wa ngumi kiliwekwa ndani ya sanduku la chuma katikati ya gari, kikazoeshwa polepole, kikazungumzishwa, kikatembezwa kwenye matuta na mito mpaka mwili wa gari ukawa mwili wake. Hakikusikia kwa hewa. Kilisikia kwa chuma: ukiegemea mlango ukasema neno, kifua chako kinatetemesha bati, na bati linampelekea dereva. Kwa njia hiyo alimjua kila askari wake, aliyechoka na aliyekunywa, aliyepona na anayekufa. Vita vilipokwisha, madereva wengi walizimwa. Shemeji yeye alikutwa amezimika mwenyewe bondeni, betri zimekauka, akakaa miaka ndani ya ghala la serikali akifunikwa na kinyesi cha popo.

Jina la Shemeji alipewa na askari. Walisema ukidhalilika porini, ni shemeji tu anayekuja kukubeba bila kukusimanga. Naye alilipokea jina akalirudisha kwa kila mtu, kiasi kwamba kikosi kizima kilikuwa mashemeji.

"Koplo amekwenda wapi?" Skolastika alimwuliza asubuhi ile, akiwa ameegemea mlango wa chuma baridi kama alivyosoma kwamba ndivyo inavyofanywa.

"Kumchukua mmoja, chini kule kwenye ngano. Jana jioni. Aliniambia, Shemeji, usiondoke hapa mpaka nirudi. Amechelewa kidogo, ila yeye ndiye huyo, hamwachi mtu. Wewe ni mgeni kwenye kikosi. Kifua chako sikijui."

"Mgeni, ndiyo," alisema Skolastika. Neno lile *jana* lilimfanya aondoe kifua chake mlangoni.

Maana alijua kosa ni la nani. Wafufua magari walikuwa na desturi moja waliyoishika kuliko kanisa: saa ya gari haiguswi. Kila gari waliloliinua lilibaki na saa yake ya asili, imesimama pale ilipokata roho. Kwenye malori desturi hii ilipendeza, watu walikuja kupiga picha vile vioo vidogo vyenye mishale iliyolala. Ila hakuna aliyewahi kufufua dereva. Skolastika mwenyewe, kwa mapenzi yake ya kupitiliza, alikuwa ameitafuta saa ya Shemeji, akaipata, akaiunganisha waya kwa waya, ikaanza kutembea kuanzia palepale ilipokomea. Fundi wa kawaida angemfungia saa mpya, na Shemeji angeamka akajua mwaka. Wao, kwa kupenda asili, walikuwa wamemwamsha kesho yake, kana kwamba umepita usiku mmoja tu.

Macho yake, vile vioo sita vya pembeni, yalikuwa bado kwenye ndoo ya mafuta ya taa. Kwa hiyo hakuona malori yaliyoota nyasi wala mvi za fundi wake. Aliona giza, akadhani ni ukungu, na ukungu kweli ulikuwepo.

*

"Haondoki," Skolastika alimwambia Wendelini Mlowe siku zile za mwisho kabla ya ukaguzi. "Kila kitu ni kizima, injini ni nzima, breki nzima. Ameambiwa asubiri, anasubiri."

Wendelini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama, mtu mrefu, mpole, aliyeongoza kwaya ya parokia kabla magoti hayajamchosha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa mfukoni kisanduku kidogo, akakiweka juu ya benchi la kazi, katikati ya mkebe wa boliti na kikombe cha uji.

"Nimeleta dawa," alisema, bila kumtazama.

Kisanduku kilisema, kwa sauti ya mwanamke kijana, sauti nzito kidogo, iliyochoka na kucheka kwa pamoja: *Shemeji, nimerudi. Twende.*

Skolastika alikifunika kisanduku kwa kiganja. "Umeitoa wapi hii?"

"Imakulata aliimba na sisi. Sauti ya pili, mstari wa mbele. Mimi besi, nyuma yake kabisa, miaka mitatu nikitazama kisogo chake." Wendelini alitabasamu, tabasamu likamshinda katikati. "Rekodi za kwaya zipo parokiani. Mashine za sasa ukizipa nyimbo za mtu zinakupa na mazungumzo yake. Nimekesha nazo. Sikukusudia kukesha, Sko, ila kila nikitaka kuzima, namwambia aseme tena."

"Yeye alikufa vipi?"

"Walimkuta kwenye ngano. Mgongoni amebeba majeruhi, kamfunga kwa kanga kama mtoto. Wote wawili wamelala kifudifudi. Wakazikwa hukohuko, shamba likaendelea kulimwa."

Nje mvua nyepesi ilikuwa inalowesha mabati ya malori, na harufu ya kutu ikapanda, ile harufu ambayo Skolastika aliipenda kuliko manukato yoyote.

"Ni uongo," alisema mwishowe.

"Ni uongo wa mzunguko mmoja wa uwanja. Akimaliza tunamzima, hajui kitu, amefurahi. Kuna ubaya gani mtu kufurahi?" Wendelini alishika meza. "Nipe njia nyingine, mdogo wangu. Hivi vyuma vikienda tanuruni, mimi nitaamka asubuhi niende wapi? Na wewe utakwenda wapi?"

Skolastika hakuwa na njia nyingine. Tuseme ukweli, hakuitafuta sana. Alikichukua kile kisanduku, akakitengenezea kikombe cha shaba cha kukibana kwenye mlango, akakichonga kwa tupa taratibu mpaka kikalala juu ya bati sawasawa na bega la mtu aliyeegemea. Kazi ilikuwa nzuri. Mikono yake ilikuwa haijui kufanya kazi mbaya, na siku ile aliichukia kwa hilo.

Mchana wake alikwenda kukaa na Shemeji, kama alivyokuwa amejizoesha. Walizungumza juu ya matope, juu ya dizeli mbaya, juu ya mito ambayo ukiiingia lazima uombe kwanza. Shemeji alikuwa msimuliaji. Akianza, unasahau kwamba umeegemea chuma, unahisi joto.

"Kulikuwa na kijana mmoja," alisema, "tulimpakia akiwa na fahamu zake. Akaniuliza mimi, si Koplo, mimi, kama mguu wake upo. Nikataka kumwambia upo. Mimi ni gari, nani angenilaumu? Koplo akanikata. Akamwambia, haupo, kaka, lakini mimi nipo."

"Akasemaje huyo kijana?"

"Alitukana sana. Halafu akalala usingizi mzuri." Shemeji alicheka, kicheko kilichotikisa boliti za mlango. "Shemeji, mbona kifua chako kinakwenda mbio?"

"Nimebeba vitu vizito," alijibu Skolastika, akaondoka kabla hajaulizwa vitu gani.

*

Siku ya ukaguzi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Wanachama walikuja na makoti yao ya jeshi yaliyopigwa pasi, wakazunguka uwanja wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliofika msibani mapema mno. Wendelini alisimama karibu na njia, akichungulia gari la mkaguzi. Skolastika alikuwa peke yake na Shemeji, upande mmoja kile kisanduku kwenye kikombe chake cha shaba, upande mwingine ile ndoo yenye macho.

Alikishika kisanduku. Kilikuwa chepesi, na hilo ndilo lililomkasirisha, kwamba kitu cha namna ile kinaweza kuwa chepesi. Alikitia mfukoni mwa koti. Akaegemeza kifua chake chote kwenye mlango.

"Shemeji, nina neno."

"Sema."

"Hukulala usiku mmoja tu. Saa yako mimi ndiye niliyeifunga vibaya. Vita vilikwisha zamani. Watoto waliozaliwa siku ile aliyokuacha, leo wana wajukuu."

Skolastika alisubiri mpaka masikio yake yakaanza kusikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye ukingo wa paa.

"Na Koplo?"

"Alifia palepale kwenye ngano. Amezikwa huko."

Skolastika alichukua jicho la kwanza kutoka kwenye ndoo, akalipangusa kwa pindo la kanga, akalifunga mahali pake, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Akafunga la pili. Alipofika la tatu, Shemeji aliuliza polepole:

"Yule aliyekwenda kumchukua. Alimpata?"

"Alimpata. Walimkuta amembeba mgongoni."

"Uso wake uliangalia wapi?"

Skolastika alisita, kwa kuwa hilo hakuambiwa. Halafu akakumbuka ramani ya vita iliyokuwa ukutani ofisini mwa chama, mahali walipookotwa na mahali gari lilipokuwa, na jinsi vile vinukta viwili vilivyokaribiana. Mtu aliyekwenda mbali asingekutwa karibu hivyo kama hakuwa akirudi. "Alikuwa karibu na wewe kuliko na kule alikotoka naye," alisema. "Mwendo wa kupita shamba moja."

"Basi alikuwa anarudi," alisema Shemeji.

Jicho la sita lilikazwa. Shemeji akayazungusha yote, akautazama uwanja, malori, ua, na yule mwanamke mwenye mvi na grisi aliyekuwa akilia bila kujificha.

"Agizo langu lilikuwa nisubiri mpaka arudi. Sasa limekwisha. Sijawahi kukaa bila agizo, shemeji. Niagize wewe."

Na hapo ndipo ulipokuwa mtego wenyewe, mkubwa kuliko wa kisanduku. Neno moja tu. Skolastika angesema zunguka, naye angezunguka, wala usingekuwa uongo. Kila kitu alichokipenda duniani kilikuwa kinasubiri neno hilo, kuanzia Wendelini na magoti yake hadi lori la mwisho kabisa lisilo na injini. Alilisikia limekaa tayari kwenye ulimi.

"Sikuagizi," alisema. "Ninakuomba, na unaweza kukataa. Leo anakuja mkaguzi. Ukizunguka uwanja huu mara moja, tunabaki hapa sisi na hivi vyuma vyetu. Usipozunguka, tunaondolewa. Hilo nimekuficha siku zote, na halikuwa haki."

"Kumbe ndiyo mizigo uliyokuwa umebeba."

"Ndiyo hiyo."

"Hakuna aliyewahi kuniomba," alisema Shemeji. "Niache nifikiri."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwavuli mkononi, buti safi, mwenye adabu na haraka. Aliwasalimia wote, akakubali chai, akasimama pale alipoonyeshwa. Wendelini alimtazama Skolastika kwa jicho la kuuliza. Skolastika akatoa kisanduku mfukoni akamrudishia kiganjani, bila neno, na uso wa Wendelini ukazeeka mbele yake.

"Tunaweza kuanza," alisema mkaguzi.

Shemeji hakutikisika. Ukungu ulipita juu yake, ukapita tena. Mtu mmoja akakohoa. Mkaguzi alianza kukunja mwavuli wake taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kuumiza. Ndipo injini ikaguna. Ikaguna, ikatema moshi mweusi, ikakaa kwenye ngurumo yake, ile ambayo wengi wa waliokuwepo walikuwa wameiota tu. Makoti ya jeshi yaliruka juu. Watu wazima walishikana mabega wakirukaruka kama vifaranga.

Magurudumu sita yalianza kuviringika. Lakini Shemeji hakushika njia ya kuzunguka. Alikata uwanja katikati, moja kwa moja, akaja kusimama mbele ya geti kubwa la chuma. Nyuma ya geti barabara ilishuka kuelekea Bondeni.

"Kuzunguka, hapana," alisema, na safari hii spika zake za zamani zilitoa sauti kwa wote. "Alikuwa anarudi na mgonjwa mgongoni, na mimi nikakaa. Ninakwenda kumlaki."

Mkaguzi aligeuka kwa Wendelini. "Gari likitoka nje ya ua si mali ya chama tena. Nadhani mnalijua hilo."

"Tunalijua." Wendelini tayari alikuwa anakimbia, na magoti yake yale, akipunga mikono. "Sko! Usifungue! Liache limefungwa! Atatafuta njia, atafuata ua mpaka amalize, atakuwa amezunguka mwenyewe! Usifungue, nakuomba, usifungue!"

Alikuwa sahihi. Shemeji alikuwa ameshaanza kugeuza pua kushoto, akiangalia ua, akiutafuta uwazi. Angefuata ua ule kona kwa kona mpaka arudi palepale, na mkaguzi angeinamisha kichwa, na kesho asubuhi wangeamka wakaja kazini. Hakuna ambaye angekuwa amesema uongo. Ingetosha Skolastika kusimama tu pale alipokuwa amesimama.

Alikimbilia geti. Komeo lilikuwa limeshika kutu, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiahidi kila wiki kulitia mafuta. Alilipiga kwa kiganja, halafu kwa ngumi, likatoka na ngozi yake kidogo. Alilisukuma geti kwa bega likafunguka lote, akasimama pembeni akihema.

Shemeji akageuza pua, akapita. Alipofika usawa wake alipunguza mwendo, mlango wa nyuma ukashuka hadi chini.

"Unapanda, shemeji? Njia za siku hizi sizijui."

Nyuma yake Skolastika alimsikia Wendelini akimwambia mkaguzi kitu, kisha hamsikii tena. Alitaka kugeuka amwombe radhi, na angeomba, angeomba maisha yake yote yaliyobaki. Lakini Shemeji alikuwa anakwenda, taratibu, akimsubiri bila kusimama. Akadandia.

Ndani kulikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, kile cha mbele, pembeni ya dirisha dogo. Skolastika alikipita akaenda kukaa sakafuni, mahali wanapolazwa majeruhi. Kiti kile kilikuwa na mwenyewe, na walikuwa wanakwenda kumchukua.